Chujio la Bibi na Gololi za Rangi

Juu ya swichi ya taa, sebuleni kwetu hapa Columbus, Ohio, kuna doa la njano lenye ukubwa wa kisahani cha kikombe. Nimelisugua kwa sabuni, nikalipaka rangi ya ukuta mara moja, na jua la asubuhi likiingia bado linaonekana. Sijalipaka mara ya pili. Siku lilipopatikana, binti yangu wa miaka 9 alikuwa ameketi kwenye sofa chini yake, kichwa chake shubiri mbili tu kutoka hapo, na baba yake alikuwa ameshika bunduki ya rangi aliyoamini kwamba haina kitu.

Mambo yalianza kwa mwaliko. Mwanangu wa kwanza, ana miaka 14, alialikwa na wenzake wa shule kwenye uwanja wa peintiboli, mchezo wa kufyatuliana gololi za rangi, nje ya mji. Kule walikodishiwa kila kitu. Alirudi jioni ana tope mpaka masikioni na alama mbili nyekundu mgongoni, na wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine. Mtoto niliyekuwa nagombana naye kila Jumamosi aache simu alikuwa ameshinda msituni akikimbia, akijibanza nyuma ya miti, akipanga mbinu na watoto ambao asubuhi yake walikuwa hawajui hata jina lake. Nilifurahi sana. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nauchukia mchezo. Naupenda, na ndiyo sababu nataka wanaouanza wauanze vizuri.

Baba Watoto naye alifurahi, akaamua kumnunulia kijana vyombo vyake mwenyewe. Ni mtu wa mikono. Kwetu hakuna feni wala pasi iliyotupwa kabla yeye hajaifungua. Akapata mtu anayeuza gunia zima kwa dola 80: bunduki, mtungi wa gesi ya CO2, hopa ya kuwekea gololi, na barakoa mbili. Gunia likaingia nyumbani Ijumaa usiku. Hakuna aliyeuliza barakoa zile zina miaka mingapi. Mimi pia sikuuliza. Niliuliza bei tu, nikaona ni nafuu, nikaenda zangu kazini, zamu ya usiku.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi 6. Bibi huamka kabla ya alfajiri na hawezi kuona kitu kichafu akakiacha. Jumamosi ile alikuta mfuko wa gololi uliokuja na gunia umepasuka gerejini, nyingine zimetapakaa sakafuni: njano, bluu, machungwa, zinang'aa kama pipi za Idi. Akaziokota moja moja, akazimimina kwenye chujio langu la wali, akazifungulia maji ya uvuguvugu.

Niliporudi asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya sinki, mikono imejaa ute wa rangi tatu, analia kimyakimya. "Mwanangu, nimeziharibu pipi za watoto," aliniambia.

"Mama, si pipi. Pole. Nipe mikono nikusafishe."

Hapo ndipo sote tulipojifunza gololi ile ni kitu gani. Ganda lake ni jelatini, kama lile la dawa za kapsuli, na ndani mna umajimaji mzito uliotiwa rangi, unaoyeyuka kwenye maji ili nguo zifulike. Kwa hiyo maji ni adui yake. Hata jasho la kiganja linatosha kuilainisha ikavimba, na ikivimba haipiti sawasawa kwenye mtutu. Hupasukia humohumo, na zinazofuata zinakwenda upande. Joto huilegeza, baridi kali huifanya ivunjike kama kioo. Hukaa vizuri penye ubaridi wa wastani, pakavu, mfuko umefungwa, nayo haifai kuwekwa akiba mwaka mzima. Anayeanza asinunue sanduku la gololi 2,000 kwa sababu ni rahisi zaidi kwa moja moja. Anunue za siku ile.

Bibi alisikia neno moja tu. "Jelatini ya mnyama gani?"

Mjukuu wake hakumficha. "Kwenye mfuko hawakuandika, Bibi. Nimesoma kwamba nyingi ni ya nguruwe, nyingine ya ng'ombe."

Jiko lilioshwa siku nzima. Kila sufuria iliyokuwa karibu na sinki ilishushwa, ikasuguliwa, ikasuuzwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na mimi macho yanajifumba kwa usingizi. Bibi hakumkataza kijana kucheza. Alisema kitu kisicholiwa hakina neno, mradi mikono inaoshwa. Lakini chujio lile lisirudi jikoni. Likahamia gerejini.

Jioni ya siku hiyohiyo, Baba Watoto alitaka kumtuliza mama yake kwa kumwonyesha kwamba chombo chenyewe si cha kutisha. Akaketi sebuleni, akachomoa hopa, akaufungua mtungi wa gesi, akaviweka vyote mezani. "Mama, tazama, sasa ni chuma kitupu." Akabonyeza kifyatuo.

Sauti yake si kubwa. Ni kama mtu amepiga kofi moja. Kisha rangi ya njano ikawa inatiririka ukutani, na binti yangu ananitazama hajaelewa bado kama kuna kilichotokea.

Nimewaeleza hili wanawake wenzangu wengi tangu siku ile, na nalieleza tena. Kuchomoa hopa hakuondoi gololi ambayo tayari imeshuka kwenye mtutu, na kuondoa mtungi hakutoi gesi iliyobaki ndani ya bunduki yenyewe. Gololi moja na gesi ya mara moja vinatosha. Ndiyo maana viwanjani kuna kifuko cha kitambaa chenye kamba, wenyewe huita soksi, ambacho huvishwa mdomo wa mtutu kila mchezaji anapotoka mchezoni. Bei yake ni dola chache. Ndani ya gunia la dola 80 hakikuwamo, na sisi hatukujua kwamba kinakosekana.

Baba Watoto hakulala usiku ule. Alikaa gizani sebuleni, nami sikumwambia neno, kwa sababu nilijua lolote nitakalosema tayari analisema moyoni mwake.

Ningetaka habari iishie hapo, lakini kosa lililofuata lilikuwa langu. Niliamua kwamba tangu sasa usalama ni kazi yangu, nikazichukua zile barakoa mbili nikazisafisha lenzi kwa dawa ya kusafishia vioo vya madirisha. Ziling'aa. Sikujua kwamba lenzi hizi ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na kwamba dawa yenye amonia huila taratibu, ikaacha nyufa ambazo jicho halizioni. Lenzi husafishwa kwa maji na kitambaa laini, basi.

Wiki iliyofuata, mwezi Novemba, mwanangu na rafiki yake walitoka uani kulenga makopo. Nilikuwa dirishani, nakuna nazi. Kulikuwa na baridi ya kuuma, na bunduki ilikuwa inafyatua kwa unyonge, mara nguvu, mara haina. CO2 hukaa mtungini kama kimiminika, na msukumo wake hufuata hali ya hewa: penye nyuzijoto 21 hufikia kama psi 850, penye sifuri hushuka mpaka karibu 500. Wale watoto hawakulijua hilo. Waliinamia bunduki wakiitikisa. Pumzi zao zilikuwa zimejaa ndani ya barakoa, lenzi zimekuwa nyeupe kwa mvuke. Nikamwona mwanangu anainua barakoa yake mpaka kwenye paji la uso ili aone, na rafiki yake, amesimama hatua 4 mbele yake, anageuka na bunduki mkononi.

Niliitupa nazi. Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka nimeushika mtutu na kuusukuma chini, na mwanangu ananiambia, "Mama, nilikuwa sioni kitu."

Neno lile ndilo lililonifundisha zaidi ya yote. Mtoto hakuwa mkaidi. Alipewa kinga isiyomruhusu kuona, naye akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Gololi ina upana wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3. Viwanja vingi huweka ukomo wa mwendo wake kwenye futi 280 au 300 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na kila bunduki hupimwa kwa mashine kabla ya mchezo. Bunduki yetu haikuwa imepimwa na mtu. Kwenye paja, gololi ya mwendo huo ni alama nyekundu ya wiki moja. Lakini ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho lenyewe. Mifupa ya paji na shavu hapa haizuii kitu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani sote watano, Bibi akiwamo, na gunia letu mkononi. Muuzaji, mzee aliyecheza mchezo huu miaka mingi, aliugeuza mtungi akatuonyesha tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Mitungi ya namna ile hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na wetu ulikuwa umepita muda, akakataa kuujaza. Akazikunja lenzi za barakoa kwa vidole, akazitia kwenye pipa la taka bila kutuuliza. Kisha akatuuliza swali ambalo gunia lilikuwa limetuzuia kulifikia: "Mna dola ngapi za uso?"

Alitaka tuanze na barakoa, na kwenye barakoa ndiko tulikomaliza karibu saa nzima. Iwe imeandikwa kiwango cha ASTM F1776, kilichowekwa kwa mchezo huu hasa. Miwani ya fundi au ya kuendeshea pikipiki haitoshi. Ifunike masikio na kidevu. Lenzi iwe ya tabaka mbili zenye hewa katikati, kwa sababu hiyo haishiki mvuke upesi, na asiyezibwa na mvuke hana sababu ya kuinua barakoa. Tena kila mtu aivae mwenyewe palepale, atikise kichwa, ainame, apumue kwa nguvu. Mwanangu alijaribu 5 kabla ya kupata moja isiyombana kwenye mashavu. Barakoa mbili zilikula zaidi ya ile bei ya gunia zima, na sijawahi kutoa pesa kwa moyo mweupe namna ile.

Bunduki, alituambia, tuikodi kwanza. Tulikodi mara 3. Uwanjani kijana aligundua mwenyewe kwamba bunduki ya umeme inayomwaga gololi kama mvua ilimaliza pesa zake kabla ya saa sita mchana, na haikumfundisha kulenga. Mwishowe tulinunua Tippmann 98, ya kimakanika, isiyo na betri. Ilitoka mwaka 1998, kampuni yake ilianzia Fort Wayne, Indiana, jirani zetu hapa, na vipuri vyake hupatikana kila mahali. Baba Watoto aliifungua mezani, akaijua yote mpaka oringi zake. Safari hii aliifungua mtutu ukiwa umeshachunguzwa, barakoa usoni, watoto ghorofani. Gesi tukaiacha, tukachukua mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa, wa psi 3,000, ambao haubadiliki sana kwa baridi. Hopa ni ile ya kawaida ya gololi 200, inayozishusha kwa uzito wake yenyewe. Anayeanza hahitaji zaidi ya hiyo.

Yule mzee alimsimulia Bibi kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa mwaka 1981, Henniker, jimbo la New Hampshire, wanaume 12 walipoingia msituni na bunduki za Nelspot 007 zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikusanya bendera zote bila kufyatua hata mara moja. Kijana alikuwa akitafsiri, na Bibi, aliyekua kwenye nyumba ya wafugaji, alitikisa kichwa. "Kumbe ni chapa ya mifugo," alisema. "Basi huyo ambaye hakupiga mtu ndiye mchungaji."

Mwezi Aprili, wiki moja kabla Bibi hajarudi Tanga, alitaka kuuona mchezo. Watazamaji hukaa nyuma ya wavu mrefu, na mhudumu alituambia hapo hapahitaji kitu. Bibi aliutazama wavu. "Una matundu," alisema, akanyoosha mkono apewe ile barakoa ya pili. Baba Watoto alimlegezea mkanda mpaka ukakaa vizuri juu ya ushungi.

Alisimama hivyo muda wote wa mchezo, mikono ameishika nyuma. Kipenga kilipolia, mwanangu alitoka amejaa rangi ya bluu begani, akavisha soksi mdomo wa mtutu, akapita lango la kwanza, akapita la pili, ndipo akavua barakoa. Uso ulikuwa unatoa moshi wa jasho. Alimkimbilia Bibi amsaidie kuvua yake, naye akamzuia kwa kiganja.

"Wenzako wote wameshatoka?"

Kijana aligeuka, akawahesabu. "Wote, Bibi."

Ndipo akainamisha kichwa, mjukuu akaufungua mkanda.