Mulopwe Simba na Michezo ya Upemba

Kando ya reli itokayo Kamina kwenda Bukama, mbali kidogo na nyumba za watu, palikuwa na kijiji cha wanyama kilichotawaliwa na Mulopwe Simba. Hakikuwa kijiji cha njaa. Kilikuwa na shida ambazo wenyeji walikwisha kuzizoea: kisima kilichokauka mwezi wa tisa kabla mvua hazijarudi, njia ya mtoni iliyomomonyoka, na uwanja mmoja wa vumbi ambapo watoto wa swala na wa pofu walishindana mbio jioni. Katikati ya uwanja palikuwa na shimo. Watoto wa kijiji walijua kulikwepa hata gizani. Mtoto wa mgeni ndiye aliyevunjika mguu.

Siku moja Hondohondo, msemaji wa baraza, alitua mbele ya wazee akihema. Ndege Wasafiri, wale wanaovuka jangwa na bahari kila mwaka, walikuwa wanatafuta kijiji kitakachoandaa Michezo Mikuu, na wangekutana kwenye mabwawa ya Upemba kupiga kura. Hondohondo akainua mdomo wake mkubwa.

"Ndugu zangu, mwaka 1958 watoto wa shule wa Kamina walipelekwa Ubelgiji na Padri Guido Haazen. Waliitwa Troubadours du Roi Baudouin. Waliimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na ile Missa Luba yao ikasikika mpaka kwa watu wasiojua Kamina iko wapi. Tutakwenda kuimba kwenye nyua za wengine mpaka lini? Safari hii dunia na ipande treni, ishuke kwetu!"

"Eyo vidye!" wakaitikia wote.

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yaliwashika. Mji ambao miaka nenda miaka rudi unatazama treni zikipita na mali ya wengine una haki ya kutamani siku moja treni isimame kwa ajili yake. Simlaumu mnyama yeyote aliyeshangilia siku ile.

Shida ilianza walipotafuta mahali pa kulaza wageni. Nyuma ya kijiji palikuwa na kichaka cha Mama Nungunungu, mganga. Humo alichimba mizizi yake, na humo ilisimama miti ya mulombwa aliyoirithi kwa bibi yake. Mtoto wa digidigi akija na kidonda kwatoni, Mama alikwangua gome la mulombwa polepole mpaka utomvu mwekundu ukatoka, akaukinga kwa kipande cha kibuyu, akaupuliza kidogo, ndipo akampaka. Wagonjwa walilala chini ya miti hiyo siku mbili, tatu, mpaka wapone. Hawakutoa kitu ila kumletea maji.

Hondohondo alimwendea na ndovu wanne. "Mama, tunakuomba uvumilie. Hapa patajengwa vibanda vya wakimbiaji. Michezo ikiisha utarudishiwa kichaka kikubwa kuliko hiki."

"Na huyu?" akauliza Mama, akimwonyesha ndezi aliyekuwa amelala na homa. "Huyu atasubiri Michezo iishe?"

Ndovu waling'oa miti ya upande wa mashariki kabla jua halijazama. Ndezi alibebwa mgongoni mwa ngiri, na sijui alipelekwa wapi.

Chui, aliyekitamani kiti cha Mulopwe tangu ujana wake, aliiona miti ikianguka. Alikuwa na sauti, alikuwa na wafuasi, na angeweza kusimama pale. Hakusimama. Alikaa juu ya tawi lake akihesabu siku zilizobaki kabla ya kura, kwa sababu alikwisha kuona kwamba aibu ya Simba ingemfaa kuliko kichaka kilichookolewa.

Siku ya kura, Mulopwe Simba hakutaka kutuma mjumbe. Alipanda treni ya mizigo hadi Bukama, akashuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi mabwawani, akahutubia Ndege Wasafiri kwa heshima na ufasaha. Vijiji vilikuwa vinne. Simba aliondoka kabla kura hazijahesabiwa, maana alikuwa na mambo mengi nyumbani. Alipokuwa anapanda mto kurudi, mnandi mmoja aliibuka majini karibu na mtumbwi akamwambia: kijiji chako ndicho cha kwanza kutolewa.

Habari ilimtangulia kijijini. Alipofika, alikuta vigelegele. Nyani wa Chui walikuwa juu ya mapaa wakipiga debe na kuimba kwamba Simba amerudi mikono mitupu. Fisi walicheka mpaka wakalala chini. Hao walikuwa wenyeji wa kijiji hichohicho. Uwanja wenye shimo ulikuwa wao pia, na kisima kilichokauka kiliwakausha koo nao. Walishangilia kijiji chao kushindwa kwa sababu aliyekiombea hawakumpenda. Katika mambo yote ya hekaya hii, hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Upande wa Simba haukuwa bora. Hondohondo alitoa tamko asubuhi, akatoa jingine mchana, na jioni la tatu. La kwanza lilimlaumu Mulopwe aliyetangulia kwa kuharibu jina la kijiji mbele ya ndege. La pili liliwalaumu popo, kwamba wamewaroga wapiga kura. La tatu lilisema kuna msaliti ndani ya kijiji, aliyekuwa akilalamika hadharani wakati wa maandalizi. Twite, mkuu wa walinzi, ambaye ni Mbwa Mwitu, alimleta huyo msaliti barazani siku iliyofuata. Alikuwa Mama Nungunungu.

Katika baraza hilo alikuwepo Korongo mzee, mmoja wa Ndege Wasafiri, aliyetua kupumzisha bawa. Alipoyasikia mashtaka aliomba ruhusa ya kusema.

"Mulopwe, mimi nimepita juu ya miji mingi ya binadamu, na haya mnayoyafanya si mageni. Tarehe 2 Oktoba 2009 walikutana Copenhagen kuchagua mji wa Michezo ya Olimpiki ya 2016. Chicago, Tokyo, Madrid na Rio de Janeiro. Rais Barack Obama alisafiri mwenyewe kuuombea mji wake wa Chicago. Ulitolewa raundi ya kwanza kwa kura 18, na habari ikamkuta njiani, ndani ya ndege. Kwao Marekani walikuwepo wapinzani wake waliopiga makofi katika mkutano wao, na mtangazaji Rush Limbaugh alisema redioni kwamba amefurahi. Upande wa pili wakajitokeza waliomtupia lawama rais aliyetangulia. Siku nyingi zilipita katika hayo. Lakini kusini mwa mji ule palikuwa na hospitali ya zamani, Michael Reese, iliyoanza kutibu watu mwaka 1881. Ilikuwa imefikia mwisho wake, na serikali ya mji ikaununua uwanja wake ili kijengwe kijiji cha wanariadha. Chicago iliposhindwa, majengo yaliendelea kubomolewa hivyohivyo. Kwa zaidi ya miaka kumi niliruka juu ya pale nikaona nyasi."

Mama Nungunungu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Basi aliyeshinda alifaidi!" akadakia Chui. "Sisi tumepoteza kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja."

"Aliyeshinda ni Rio," akasema Korongo. "Mwezi Juni 2016, wiki chache kabla ya Michezo kufunguliwa, jimbo la Rio lilijitangaza kuwa katika balaa la fedha. Mwanzoni mwa 2017 nyasi za uwanja wa Maracanã zilikuwa zimekauka. Mwaka 2019 aliyekuwa gavana, Sérgio Cabral, alikiri mahakamani kwamba kura zilinunuliwa. Kwa hiyo usiniambie kwamba kura inapima uzembe wa mtu."

Wanyama walinyamaza. Ngiri mmoja wa nyuma akauliza kama kuna kijiji cha Afrika kilichowahi kupewa.

"Ile Olimpiki kubwa, bado hakuna," akajibu Korongo. "Cape Town iliomba ile ya 2004. Nelson Mandela mwenyewe alikwenda Lausanne mwaka 1997, na ikapewa Athens. Dakar imepewa ya vijana, ya mwaka 2026. Nairobi iliomba mashindano ya dunia ya riadha ya 2025. Tarehe 14 Julai 2022 yakapewa Tokyo, ijapokuwa mwaka mmoja kabla Nairobi iliandaa ya vijana wa chini ya miaka 20 pale Kasarani. Nawaambia nilichokiona kwa hao Wakenya. Huko Iten, juu milimani, palikuwa na uwanja wa udongo unaoitwa Kamariny, ambapo mabingwa wa dunia walifanyia mazoezi. Uliahidiwa ukarabati mkubwa, ukafungwa, ukachimbuliwa, na kazi ikakwama miaka na miaka. Wakimbiaji walirudi barabarani."

Hapa naongeza langu, maana wasomaji wa Kamina watakuwa wameshalifikiria. Sisi Wakongomani tulipata wageni wetu. Michezo ya Francophonie ilifanyika Kinshasa kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, baada ya Moncton na Dieppe, miji ya Kanada iliyokuwa imechaguliwa, kujitoa. Niliona fahari, na bado naiona. Lakini kijana wa Kamina aliyetaka kufika huko bila tiketi ya ndege ilimpasa apande treni hadi Ilebo, reli inapoishia, kisha asubiri boti ya mto Kasai. Kwa kijana huyo Michezo ilikuwa mbali karibu sawa na Brussels ya 1958.

Turudi barazani. Twite alikuwa bado ameshika kamba, akingoja amri. Ndipo Mzee Kobe akasogea katikati. Wazee wa Mbudye, watunza historia wa Waluba, huchonga alama za gamba la kobe nyuma ya lukasa, ule ubao wa shanga wanaousoma kwa ncha ya kidole wanapokumbuka wafalme. Kobe wa kijiji hiki alikuwa na gamba lililojaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo aliujua.

"Mulopwe, kabla huyu mama hajafungwa, niruhusu nisome."

"Soma, Mzee."

"Miti ya mulombwa kumi na mmoja, upande wa mashariki. Vikapu arobaini vya mtama, vilivyochangwa kwa ajili ya karamu ya wageni. Ishirini viliingia ghalani, ishirini sikuviona. Siku tisa za kazi ya ndovu wanne. Ndezi mmoja mwenye homa, aliyeondolewa akiwa mgonjwa." Akageuka taratibu kumtazama Chui. "Na mtu mmoja aliyekaa juu ya mti akaona yote, ambaye jana aliongoza vigelegele."

Hondohondo alisema mambo ya ghala yatajadiliwa wakati mwafaka, na kwamba baraza sasa litazame mbele, kwani kijiji kitaomba tena baada ya miaka minne. Chui akasema yeye akipewa kiti ataomba pia, na hatashindwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo wawili hao walikubaliana.

Simba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia Twite afungue kamba. Hakuomba radhi, na vile vikapu ishirini hakuviulizia. Hayo nayaandika kama yalivyokuwa. Lakini kamba ilifunguliwa, na Mama Nungunungu akasimama mbele yao wote.

"Michezo mkitaka iombeni," akasema. "Mimi sikuwahi kuichukia. Nilikuwa nataka kuwaona hao wakimbiaji kama ninyi. Kesho alfajiri napanda mulombwa. Ni mti unaokua polepole, kwa hiyo anayekuja aje mapema."

Alfajiri hawakuja wazee wengi. Walikuja ndovu wawili kati ya wale wanne, na ngiri, na watoto wa swala na wa pofu ambao hawakuwa na kazi nyingine. Udongo uliotoka kwenye mashimo ya miche ulikuwa mwingi, na mtoto mmoja wa swala akauliza ukatupwe wapi. Mwenzake akaelekeza pembe uwanjani. Walianza kuubeba kwa vikapu kuupeleka kwenye shimo la katikati, wakiumwaga, wakiukanyaga, wakirudi kuchukua mwingine. Jua lilipokuwa kichwani, Twite alifika kuuliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kugusa uwanja wa Michezo Mikuu. Mtoto wa pofu akampa kikapu, akamwambia udongo bado uko mwingi upande wa kichaka.