Jinsi ya Kuiba Alama za Kiingereza Mchana Kweupe

Sogea karibu, nikunong'oneze. Mtihani wa Kiingereza una mlango wa nyuma, na mlango huo hauna bawabu. Watoto wa shule za karo kubwa mjini Nakuru walionyeshwa mlango huo mapema, na wazazi wao wakalipia masomo ya jioni ili waonyeshwe tena. Wewe uliyesoma Subukia, ukitoka darasani unapitia shambani kuchuma nyanya kabla giza halijaingia, pengine uliambiwa tu ukariri sarufi. Si haki, na mimi hainiingii akilini kwa nini ujanja mdogo namna hii uuzwe. Leo tunaingia pamoja, bure.

Najua pia kwamba hutaki tu kupita. Unataka kupita huku ukionekana hukutoka jasho. Hilo nalo linawezekana.

1. Anza na maswali, kifungu baadaye.

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ina alama 80. Ufahamu peke yake una 20, sarufi 15, na zilizobaki ni za fasihi. Watahiniwa wengi hukianza kifungu kwa unyenyekevu, neno kwa neno, kama msomaji wa Injili kanisani. Wakifika chini wamesahau cha juu, na saa haiwasubiri. Wewe fungua maswali kwanza. Swali likiuliza sababu ya mama kukasirika, basi umeshajua kwamba kuna mama, amekasirika, na sababu imeandikwa mahali fulani. Piga mstari chini ya neno kuu katika kila swali, kisha ndipo uteremke kwenye kifungu, macho yakiwinda. Mara nyingi maswali hufuata mpangilio wa kifungu: jibu la swali la pili hukaa chini ya jibu la swali la kwanza. Mtahini hakuficha kitu. Alipanga.

2. Ujuzi wako uweke mfukoni.

Hapa ndipo werevu huanguka, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeona wengi wakiumia.

Tuseme kifungu kinahusu tetemeko la ardhi la tarehe 6 Januari 1928. Hilo ni letu. Lilipasua ardhi katika bonde hili la Subukia, kandokando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 30, na ukubwa wake unakadiriwa kuwa 6.9. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyorekodiwa nchini Kenya. Sasa wewe, mtoto wa hapa, umesimuliwa na guka, babu yako, naye alisimuliwa na baba yake. Una habari za ng'ombe, za nyufa, za maji. Moyo unakuwasha umwonyeshe mtahini kwamba hili unalijua kumshinda.

Usimwonyeshe. Kifungu kikisema watu walilala nje kwa kuogopa mitetemo mingine, na swali likauliza kwa nini walilala nje, jibu ni kuogopa mitetemo mingine. Kama guka alisema nyumba zilikuwa zimeshaanguka, mwachie guka heshima yake nyumbani. Msahihishaji ana karatasi ya majibu mbele yake, na guka hayumo.

Mtego huu huko ng'ambo umerasimishwa. Katika sehemu ya kusoma ya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, maswali ni 40 na muda ni dakika 60, na kuna aina ya swali lenye majibu matatu: ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hilo la tatu ndilo linalowamaliza watu wazima wenye shahada zao. Wanasoma sentensi, wanaona kwa akili zao kwamba ni kweli kabisa, wanaandika kweli. Lakini kifungu hakikuitaja popote. Nasi tumeshaonja mitihani ya ng'ambo: Oktoba 2021, Mutahi Kagwe, wakati huo akiwa Waziri wa Afya, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliotarajiwa kwenda kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliopita mtihani wa Kiingereza. Nchi ilicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Watu hao walisomea uuguzi kwa Kiingereza na kuandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Naamini walichokosa wengi wao ni mtu wa kuwafundisha adabu za mtihani kabla hawajaketi.

Kwa hiyo kila ukiandika jibu, weka kidole kwenye mstari ulikolitoa. Kidole kikikosa pa kutua, futa.

3. Iba jibu, lakini libadilishe nguo.

Jibu limo kifunguni; lichukue. Ila ukilibeba zimazima utatiwa mbaroni, kwa sababu sentensi iliyonakiliwa haijibu swali, inalizunguka tu. Msimulizi akisema "I", wewe unamzungumzia yeye, kwa hiyo andika "he" au "she". Swali likianza na "why", jibu lako lianze na "because", ujizuie mwenyewe kupotea. Tazama mabano pembeni: alama 2 mara nyingi zinataka hoja mbili, si hoja moja iliyorefushwa kwa maneno ya kanisani. Ukiambiwa utoe maana ya neno, chomeka maana yako mahali pa neno lile ndani ya sentensi yake na uisome. Kama neno lilikuwa katika wakati uliopita, maana yako nayo iwe katika wakati uliopita.

Na pale wanaposema muhtasari usizidi maneno 50, hesabu. Hesabu kwa ncha ya kalamu. Maneno ya ziada ni kazi uliyofanya bila malipo, na huenda ukatozwa juu yake.

4. Mapengo.

Karatasi ya kwanza ina kifungu chenye mapengo 10, kila pengo alama moja. Usijaze lolote kabla ya kusoma hadi mwisho, maana pengo la mstari wa tatu huenda likajibiwa na mstari wa sita. Kisha tazama majirani. Kabla ya pengo kuna "the"? Basi mbele yake, karibu au mbali kidogo, lazima kuwe na nomino. Kuna "an"? Neno lako linaanza na sauti ya irabu, na nusu ya makisio yako imeshakufa. Kuna "to", na baada ya pengo kuna kitu cha kutendwa? Mara nyingi panataka kitenzi kikavu kisicho na mkia. Neno moja kwa pengo moja. Anayeandika mawili ili msahihishaji achague hupewa sifuri.

5. Sarufi: tafuta makosa yako manne, mengine yasamehe.

Huwezi kurekebisha Kiingereza chote usiku wa kuamkia mtihani. Lakini sisi wa huku, tuliolelewa kwa Gĩkũyũ, Kikalenjin na Kiswahili, huanguka kwenye mashimo yaleyale. Yafukie hayo tu.

Shimo la "s". Katika sentensi ya wakati uliopo ambayo mtenda ni nomino, "s" ni moja na ina mahali pamoja tu pa kulala. Ikilala kwa mtenda, isilale kwenye kitenzi: "The boys play." Ikihama kwa mtenda, inahamia kwenye kitenzi: "The boy plays." Ukiwakuta wakaidi kama "children" na "men", ambao ni wengi lakini hawavai "s", wahesabu kuwa wanayo.

Shimo la "did". Neno hili limeshabeba wakati uliopita mabegani. Kitenzi kinachofuata hakina haja ya kuubeba tena. "Did she went" ni mizigo miwili. Andika "Did she go".

Shimo la swali dogo la mwishoni. Kwetu "sivyo?" inatosha kwa kila kitu, ndiyo maana barabarani utasikia "isn't it?" ikibandikwa hata pasipo na "is". Mtihani unataka kitenzi kisaidizi kilekile kirudi, na kama kilikubali kirudi kikikataa: "She can swim, can't she?" Kama kilikataa, kirudi kikikubali. Fanya mifano kumi unapotembea kwenda sokoni. Itoshe.

Shimo la "he" na "she". Kiambishi chetu kimoja hubeba mwanamume na mwanamke bila ugomvi, kwa hiyo ulimi hauna mazoea ya kutenganisha. Dawa yake ni ya kitoto na inafanya kazi: ukimaliza kuandika, rudi mara moja ukitafuta viwakilishi hivyo tu, usisome kingine.

6. Fanya mazoezi bila kununua kitabu.

Ninajua bei ya vitabu. Ninajua pia kwamba una maktaba nyumbani ambayo hujaihesabu.

Simu yako kwanza. Kila mara pesa zinapoingia kwa M-Pesa, unapokea somo la sarufi. "You have received" ni wakati timilifu, na ni sentensi tamu kuliko zote za Kiingereza. Jiulize: nani ametenda? Nani ametendewa? Kilichotumwa ni kiasi gani, na salio jipya limeandikwa kwa kitenzi gani? Huo ni ufahamu kamili. Tena ni ufahamu unaolinda mfuko, kwa sababu tapeli hutuma ujumbe wa kuigiza kutoka namba ya kawaida, mara nyingi neno moja limekaa upande. Anayesoma kwa makini hurudisha simu mfukoni. Anayesoma kwa pupa hurudisha pesa ambazo hazikumfikia.

Kisha chupa ya dawa ya nyanya. Kibandiko chake kina maneno madogo, na ndani yake mna siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuchuma. Tofautisha "at least" na "not more than". La kwanza ni kiwango cha chini, la pili ni kiwango cha juu. Ndiyo maneno yaleyale utakayokutana nayo kwenye swali la muhtasari, ila hapa ukikosea, kuna mtu Nakuru atakula sumu kwenye kachumbari. Sijui kifungu gani cha mtihani kinastahili kusomwa kwa makini zaidi ya kibandiko hicho.

Halafu Biblia. Huu ndio wizi ninaoupenda kuliko wote. Fungua sura unayoijua kwa lugha ya nyumbani, mfano wa mwana mpotevu, kisha fungua sura hiyohiyo kwa Kiingereza. Hadithi unaijua, kwa hiyo hakuna kinachokutisha, na macho yanabaki huru kutazama jinsi sentensi zilivyoshonwa. Kama wewe ni Mkatoliki, kazi imepungua tena: mahujaji wanaopanda kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria hapa Subukia kila Oktoba, kwa siku ya maombi ya kitaifa, hubeba rozari ambayo wameikariri tangu utotoni. Sali makumi mawili kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza, ukijua kila mstari unasema nini. Mungu haoni vibaya mtu akijifunza viwakilishi mbele zake.

Na gazeti lililofungia nyama? Lifute damu, usome.

7. Kosea mbele za watu.

Unaogopa kuchekwa. Kila mtu anaogopa. Mwanafunzi wa kidato cha pili ananyamaza darasani, na mama wa miaka 40 ananyamaza kwenye mkutano wa chama akijifanya ana kikohozi. Sitakuambia uache fahari yako. Ni yako, kaa nayo. Ila ipe kazi. Mnamo Januari 2004, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu, kwa sababu elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure na alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Kitabu cha rekodi za Guinness kilimwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Aliketi mbele ya watoto akakosea herufi. Wewe unaogopa kukosea wakati wa kitenzi mbele ya nani hasa?

Ukiongea, ongea polepole na umalize sentensi. Kosa linalofika mwisho wake kwa utulivu hupita bila kuulizwa. Sentensi iliyokatwa katikati kwa aibu ndiyo inayogeuza vichwa.

8. Ukianguka, anguka mahali laini.

Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya wastani haikulazimishi tena kubeba Kiingereza na Kiswahili vyote viwili. Huchukuliwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Maana yake, Kiingereza kikikuangusha, Kiswahili kinaweza kukudaka. Kwa hiyo usikichezee Kiswahili ukidhani ni cha bure. Wengi wamejiharibia hapo. Halafu chunguza kozi unayoitaka, maana nyingine huomba gredi ya Kiingereza yenyewe kwa jina, na hapo hakuna pa kukwepea ila kurudi.

Ukirudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, jiandikishe mapema, siku za mwisho foleni huwa ndefu. Tafuta karatasi za miaka iliyopita, walimu wengi wanazo na hawatakunyima. Fanya moja kwa muda kamili wa mtihani, mlango umefungwa. Kisha isahihishe na mtu anayekupenda lakini hakuonei huruma, na umwombe akuonyeshe, kwa kila alama uliyokosa, mstari wa kifungu ambamo ilikuwa imelala.