Somo Anajibu: Hatua za Kazini Ni Halali?

Barua za wiki hii zinanuka jasho. Tangu Januari kila grupu la WhatsApp la Waswahili wa Birmingham limegeuka kambi ya mazoezi, na waliokwisha kununiana wameniandikia.

*Somo, tuko marafiki watano tunaoshindana kwa hatua. Anayeongoza mwisho wa mwezi analishwa nyama choma na wenzake. Mimi nafanya shifti ya usiku ghalani, naokota bidhaa kwenye rafu mpaka alfajiri, kwa hiyo hatua 25,000 zinakuja zenyewe. Nimeshinda miezi mitatu mfululizo. Sasa wanasema hatua za kazini si halali, na wawili hawaitikii hata salamu. Kosa langu nini? Mshindi Asiyependwa, Erdington.*

Mwanangu, goti halijui kama linalipwa au linajitolea, hivyo hatua zako ni halali. Ila wenzako nao nawaelewa. Sitashangaa kama mmoja wao ni dereva wa teksi, mtu anayeshinda kitini na akishuka ni kwenda kuswali au kununua sambusa. Unamshinda kila mwezi bila hata kujaribu, halafu unamtoza nyama!

Na hiyo 10,000 mnayoihangaikia kila siku, msidhani ni daktari aliyeiandika. Ilianzia Japani mwaka 1965. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imemalizika mwaka uliotangulia, watu wana hamu ya mazoezi, na kampuni moja ikaingiza sokoni kifaa cha kufunga kiunoni kilichobeba namba hiyo kwenye jina lake. Ni namba ya muuza bidhaa, na wewe unayeokota bidhaa usiku kucha ungeitambua kabla ya wote.

Mimi kinachonikera ni kwamba watu watano wa mji mmoja mnaonana kwenye skrini tu. Wewe ukirudi kulala, mwenzako ndiyo kwanza anawasha gari. Basi badilisheni sheria: hatua zihesabiwe pale tu wawili wenu mnapotembea pamoja. Birmingham inajigamba kwamba mifereji yake ni mirefu kuliko ya Venice, na njia za kandokando yake ni tambarare, hazina magari wala kiingilio. Jumapili mchukue mmoja wa wale wasiokuitikia, muanzie Gas Street mfuate maji mpaka Bournville, kama maili nne hivi, ambako siku nyingine upepo unakuja na harufu ya chokoleti ya kiwandani. Ondokeni mapema, maana Desemba jua linazama saa kumi jioni. Njiani wasengenyeni wale watatu waliobaki. Hakuna kinachopatanisha watu haraka kama hicho.

*Somo, nimezaliwa Mombasa. Kazini wamesikia "Kenya" wakaniweka mbele kwenye timu ya nusu marathoni ya jiji. Sijawahi kukimbia ila nyuma ya matatu. Nifanyeje? Mbio za Kusingiziwa, Selly Oak.*

Waambie hata Ferdinand Omanyala, aliyeipa Kenya dhahabu hapa hapa Alexander Stadium mwaka 2022, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.02 na shughuli ikaishia hapo. Wewe ni wa madhehebu hayo. Lakini usijitoe. Nenda nao mazoezini wiki hii hii wakuone unavyohema. Kilomita ya pili haijaisha watakuwa wameacha kukuogopa, na hapo ndipo utapata watu wa kula nao chakula cha mchana.

*Somo, mimi na shoga yangu tumekua pamoja Tanga. Tulikubaliana kila Jumamosi twende parkrun ya Cannon Hill, tupunguze mwili na tupige soga. Sasa kanunua saa ya kupima mapigo ya moyo. Wakisema "nendeni" tu, simwoni tena. Nikifika ameshapoa, ananiuliza, "Leo umetumia dakika ngapi?" Nimechoka. Wa Nyuma, Sparkhill.*

Mdogo wangu, huyo si mwovu, kaonja sifa tu. Mshike taratibu. Mkumbushe kwamba parkrun, tangu watu 13 walipoianza Bushy Park, London, mwaka 2004, ni kilomita tano za bure na si mashindano. Mwaka 2024 wenyewe waliondoa rekodi za njia kwenye tovuti yao, na kila Jumamosi kuna mtu wa kujitolea anayetembea nyuma kabisa ili asiwepo mgeni wa kubaki mwisho peke yake. Tembea naye huyo siku mbili tatu. Shoga yako akikuona unacheka na mtu mwingine, saa yake yenyewe itamwambia mapigo ya moyo yamepanda.

Akiendelea, mpe kisa cha marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Julai 2022. Victor Kiplangat wa Uganda alikuwa mbele peke yake, mwisho wa mbio umekaribia, akakata kona isiyo yake, ikabidi arudi njiani. Dhahabu aliipata, na Alphonce Simbu wetu akafika wa pili. Lakini Kiplangat alikuwa na miguu ya kufidia kosa. Shoga yako je?

Na chai ya baada ya mbio mnunulie wewe, palepale bustanini. Mkiwa mezani mwambie ulivyoniambia mimi, maneno hayo hayo. Kwenye ujumbe wa simu yatasomeka kama matusi.

*Somo, tumeweka sheria: anayekosa mazoezi anawapikia wenzake biriani Jumapili. Sasa watu wanakosa kwa zamu, makusudi, na sote tumenenepa. Tuvunje kikundi? Sufuria Kubwa, Alum Rock.*

Kikundi kinachokutana kila Jumapili katika mji huu ni adimu, msikivunje. Tatizo lenu nimelielewa vizuri isipokuwa jambo moja: umeandika Alum Rock, hukutaja nyumba namba ngapi.