Namna ya Kuufufua Muziki Ambao Haujafa

Anza na andiko la mradi. Mfadhili hatoi pesa kumtibu mzima, kwa hiyo aya ya kwanza itangaze kwamba muziki wa Waturkana, wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, uko mahututi. Liandike ukiwa Lodwar, makao makuu ya kaunti, chini ya feni. Usifike Todonyang, kijiji cha mpakani na Ethiopia, kabla pesa hazijaingia. Utawakuta watu wanacheza edonga, dansi yao ya kuruka, bila warsha wala posho, na dhamiri itakusumbua.

Kisha tafuta ala za kale. Wenzetu wa Ulaya wanaofufua muziki wa kale hapa wamebahatika. Arnold Dolmetsch, aliyeanzisha tamasha la Haslemere, Uingereza, mwaka 1925, alitengeneza vinanda na filimbi za zamani kwa mikono yake. Waliofuata wanafunga nyuzi za utumbo wa kondoo, wanashusha sauti kutoka hezi 440 hadi 415, na Bach anasikika kama alivyosikika enzi zake, au ndivyo wanavyoapa. Todonyang utumbo huliwa. Ngoma za kuwambwa si jadi ya Waturkana: ala zao ni koo, viganja, njuga na ardhi inayotikiswa na miguu ya watu wanaoruka pamoja. Utaviandikaje hivyo kwenye jedwali la manunuzi?

Nunua ngoma basi. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, hukosi Mrundi wa kuzipiga. Mvalishe shanga za Kiturkana, wageni hawatajua.

Kuna tatizo la maksai. Mwanamume wa Kiturkana humwimbia maksai wake: rangi yake, kengele yake, pembe zake zilizopindwa makusudi angali mchanga. Akicheza, huinua mikono ikafuata mkunjo wa pembe hizo hizo. Wale wa Ulaya wanaokataa hata uzi wa chuma wangesema bila maksai hapana onyesho. Lakini ukame wa 2020 hadi 2022 ulifagia mifugo, na iliyobaki mpakani hailali salama. Kumnunulia mwimbaji maksai mmoja kungefufua nyimbo kuliko semina zote, ila mifugo ni fungu la idara nyingine. Nunua spika.

Ukipata nafasi Tobong'u Lore, tamasha la kaunti pale Lodwar, mpe kila mwimbaji dakika tatu na fulana yenye nembo ya mfadhili. Mzee akilalamika kwamba umemkatiza hata pembe hajazifikia, mjibu kwa adabu: "Samahani mzee, mheshimiwa ashafika."