Namna ya Kutazama Filamu Uliyokwisha Kuiona

Huko Los Angeles watu wanabishana kama kampuni za sinema ziendelee kutengeneza upya filamu za vijana zilizowahi kupendwa, au zitafute hadithi nyingine. Sisi wa Bukavu hatukuitwa kwenye kikao hicho. Ila filamu zenyewe hutufikia, na siku moja mpwa wako ataingia sebuleni na flashi mkononi, akitangaza kwamba ana "filamu ya mpya ya banafunzi". Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jioni hiyo. Usome polepole. Hautakusaidia.

Anza kwa kuipata. Panda Kadutu au teremka Nyawera, utafute kibanda chenye kompyuta moja, spika mbili na simu ishirini zinazochajiwa. Usitaje jina la filamu. Hapa filamu hujulikana kwa mwenyewe: "ya Jackie Chan", "ya mutoto wa Will Smith". Ukiomba The Karate Kid utaulizwa ipi, na hapo umekwisha kunaswa. Iko ya 1984, ambamo kijana anafundishwa karate na mzee Mjapani. Iko ya 2010, ambamo Jaden Smith anapelekwa Beijing na kufundishwa kung fu na Jackie Chan. Umesoma sawasawa: jina linasema karate, na kinachofundishwa si karate. Usimbishie muuzaji, maana atakuuliza, kwa upole kabisa, kama nchi yako nayo inafundisha kila neno lililoandikwa kwenye jina lake. Muulize tu, "Iko ya mpya?" Atajibu, "Iko ya mpya sana, Papa." Lipa. Flashi itarudi na filamu uliyoomba, virusi viwili, na sehemu ya pili ya filamu ya Kinaijeria ambayo sehemu yake ya kwanza hakuna mtu mjini aliyewahi kuiona.

Kagua lugha kabla ya kuwaita majirani. Ile Mean Girls ya 2004, ya Lindsay Lohan, Wafaransa waliibatiza Lolita malgré moi. She's All That ya 1999 kwao ni Elle est trop bien. Kwa hiyo yaya aliyeitazama kwa Kifaransa na mdogo wake aliyeletewa ya Kiingereza na binamu wa Kampala wanaweza kubishana saa nzima ipi ni nzuri zaidi, na kumbe wanazungumza juu ya filamu moja. Usiwaamue. Aliyewaamua mara ya mwisho ndiye aliyenunua soda.

Ukibahatika kupata iliyosimuliwa kwa Kiswahili, shukuru, lakini ujue ulichokipata. Msimulizi wa sinema, awe Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya, hatafsiri. Anaitengeneza filamu upya. Huwapa wahusika majina anayoyapenda yeye, humgombeza adui kabla hajakosa, husimamisha mapenzi katikati ili amwonye msichana juu ya wanaume wa aina ile. Kazi ambayo Hollywood huiundia kamati na kuitafutia mamilioni ya dola, yeye huimaliza mchana mmoja kwa maikrofoni moja, na mara nyingi toleo lake ndilo lenye akili. Anayetazama kwa njia hii hana haja ya kuuliza kama filamu zirudiwe: imekwisha kurudiwa kabla hajakaa. Tahadhari moja tu: usije ukaitafuta ile ya asili baadaye. Utaikuta ina upungufu.

Sasa kaa mahali pako, na mahali pako panategemea umri. Kama umevuka miaka arobaini, wajibu wako ni kusema "ya zamani ilikuwa nzuri zaidi", na useme kabla filamu haijaanza. Ukingoja imalizike, utaonekana umeitazama. Kama hujafika ishirini, sema ya zamani ni ya polepole, hata kama hujaiona. Hakuna atakayekuhoji, kwa sababu na yule mzee hajaiona. Ruhusa ipo kudai kwamba uliitazama The Karate Kid ya kwanza wakati wa Zaire, hata kama wakati wa Zaire ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Walio katikati ya rika hizo mbili hawana maoni. Kazi yao ni kutia mafuta kwenye jenereta.

Kwenye tarehe, lakini, uwe mwangalifu. Mean Girls ilitoka Marekani mwisho wa Aprili 2004. Akitokea mtu anayeapa kwamba aliitazama Bukavu wakati uleule ilipotoka, mwangalie vizuri: tarehe 2 Juni mwaka huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa Mutebutsi na Nkunda, na waliotazama chochote walikuwa wanatazama mbao za chini ya kitanda. Kuhusu Februari 2025, waasi walipouchukua mji tena, usiniulize. Huu ni mwongozo wa sinema, na marudio ya namna nyingine hatuyahesabu hapa.

Ngoja korani. Mabwawa ya Ruzizi yako hapo mlangoni petu, moja lao tangu miaka ya 1950, na umeme wake hututembelea kama shemeji mwenye shughuli nyingi: haagi akiondoka, hasemi atarudi lini. Hapa ndipo filamu iliyorudiwa inapoonyesha faida ambayo wakosoaji wa Paris hawajaiwaza. Korani ikikatika dakika ya sitini, wewe mwisho unaujua. Unaweza kuwasimulia waliobaki gizani, na hata ukikosea hakuna wa kukusahihisha. Mwenye filamu mpya kabisa atalala na mashaka yake. Footloose ya 2011 inaifuata ile ya 1984 kwa karibu hivi kwamba ukiwa na kumbukumbu nzuri huhitaji umeme hata kidogo. Usimwambie mpwa wako hili. Atakuomba ile hela ya mafuta.

Umeme ukirudi, jiandae kuingia katika shule ya Kimarekani. Usiulize sare iko wapi, nyeupe na bluu hutaiona. Usiulize kwa nini hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani karo, wala mwalimu analipwa na nani, maana hakuna mzazi anayeonekana akichanga prime. Yale makabati ya chuma yaliyojaa kwenye korido si ya vitabu. Ni ya kubamiza mlango mtu akikasirika. Msichana wa miaka 16 ana gari. Lake. Watoto wakikugeukia, kohoa. Kijana wa sekondari ana mabega ya baba wa watoto wawili; nyamaza tena, kwa sababu Ralph Macchio alikuwa na miaka 22 ile The Karate Kid ya kwanza ilipotoka, na finalisti wa namna hiyo hata kwetu wapo, ingawa wa kwetu hawaigizi. Kitu kimoja tu utakielewa bila msaada: ule ukumbi wa chakula ambamo kila kundi lina meza yake na mgeni hajui akae wapi. Umekwisha kwenda harusi Ibanda. Unajua nani hukaa karibu na vinywaji, na unajua hakuna aliyempangia.

Baada ya hapo utaanza kutafuta tofauti kati ya toleo la zamani na jipya, nami nakuokolea muda: ni simu. Katika She's All That mvulana maarufu anaapa kumgeuza msichana asiyetazamwa na mtu awe malkia wa dansi la shule. Mwaka 2021 wakaipindua, ikawa He's All That, msichana ndiye anayemtengeneza mvulana, na msichana mwenyewe ni Addison Rae, ambaye watu walimjua kwanza TikTok. Mean Girls ya 2024 iliongezewa nyimbo, kwa kuwa ilipitia jukwaani New York mwaka 2018, lakini tangazo lake la kwanza liliuficha uimbaji huo kama aibu ya ukoo. Wanachotaka watengenezaji ni rahisi: aliyeipenda akiwa na miaka 15 leo ana watoto na ana pesa, na badala ya kununua tiketi moja atanunua nne. Mimi siwalaumu. Mama wa sambaza naye hawezi kuacha kuuza samaki wake kwa sababu uliwala jana.

Usikasirike ukiulizwa kwa nini usitafute filamu ya vijana wa kwetu. Iko. Dieudo Hamadi alitoa Examen d'État mwaka 2014, aliipiga Kisangani: wanafunzi walioshindwa kutoa pesa za walimu wanafukuzwa darasani, wanakusanyika katika nyumba moja, wanajiandaa wenyewe kwa mtihani wa Taifa, kwa vitabu, kwa maombi na kwa njia nyingine ambazo padri asingependa kuzisikia. Ina mapenzi ya shule, ina mashaka, ina wenye akili na wenye maneno. Hakuna kampuni iliyojitokeza kuitengeneza upya. Serikali yenyewe huirudia kila mwaka, na wazazi ndio wanaoigharimia.

Kuna na aina nyingine, nayo uijue kwa sababu utaoneshwa ukikaa na wageni. Ni ile ambayo mtu wa ng'ambo anaitengeneza juu ya kijana wa Kiafrika, na kijana huyo akifika dakika ya kumi ana bunduki. Rebelle ya 2012, iliyopigwa Kinshasa, ni ya msichana anayetekwa na waasi. Beasts of No Nation ya 2015 ni ya mvulana anayetekwa na waasi. Zote mbili zimetengenezwa kwa ustadi, na Rachel Mwanza katika ile ya kwanza ni wa kutazamwa hata mara tatu. Lakini usithubutu kuziita marudio. Marudio ni pale msichana wa Marekani anapogombea mvulana kwa mara ya pili. Kijana wetu akibebeshwa bunduki kwa mara ya nne, hiyo huitwa filamu muhimu. Mgeni akikuuliza umeionaje, sema mandhari ni nzuri.

Mwishoni, mtu atakuuliza swali lenyewe: je, waendelee kuzirudia au waache? Usijibu kwa haraka. Omba kalamu. Katika Mean Girls ya 2004 msichana ambaye ndiye mhusika mkuu anatoka kulelewa "Afrika", basi, kana kwamba ni mtaa mmoja baada ya Panzi. Katika ile ya 2024 anatoka Kenya. Kwa hiyo toleo moja zima na miaka 20 ya tafakuri vimeivusha studio kutoka bara hadi nchi. Wakishika mwendo huohuo, bila kupotea njia, toleo la 2044 litakuwa limefika Uganda. La 2064 litavuka Bunagana, litaomba viza, litalipa faini ambayo haikuandikwa popote, na litateremka taratibu kandokando ya ziwa kuja kwetu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, waendelee, na wasipumzike.

Huenda mwaka huo usiwepo, au uwepo lakini usingizi ukuchukue kabla ya dakika ya kumi. Muuzaji atakuwa mwingine, naye atasema iko ya mpya sana. Wewe tunza flashi. Iweke mahali pakavu, na uandike juu yake jina la mwigizaji, usiandike la filamu.