Uwiano

Kamati ya sendofu ya mpwa wangu ilinigawia kazi moja tu: kukaa meza ya mbele, mjomba wa bibi harusi, nitabasamu. Mchango nilishatoa. Suti ipo tangu sendofu ya dada yake. Kilichobaki ni kichwa. Mvi zangu hazikuja kistaarabu, za kuanzia pembeni zikapanda polepole. Zilinimwagikia kama unga wa mashine, kushoto nyingi, kulia za kuhesabika. Dada yangu akanitazama kwenye kikao cha mwisho, akasema, "Kaka, kutakuwa na ile kamera ya kuruka. Inapiga kwa juu."

Hapa Qurus, wilayani Karatu (wageni husema "Kurusi", wala hatuwagombezi, maana q ya Kiiraqw inatoka chini kooni na si kila koo limejaliwa) mwanamume mwenye mvi hupiga piko. Unga mweusi, maji kidogo, mswaki uliostaafu, nusu saa umekaa uani usimkaribie mtu, kesho yake umerudi ujanani. Weusi wake ni ule wa kiwi ya viatu. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Ningejipiga mwenyewe nyumbani yakaisha, lakini meza ya mbele ilishanipanda kichwani. Ijumaa baada ya vipindi nikaenda saluni.

Saluni yenyewe ni kibanda cha mbao chenye kioo kilichopasuka kona na bango la mitindo yenye namba, lile la unachagua namba 14 unatoka na namba 3. Kinyozi alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha Hesabu darasa la sita, na mada iliyomshinda kuliko zote ilikuwa uwiano. Aliponiona akamsimamisha mteja aliyekuwa kitini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Maliza kwanza na mwenzako."

"Huyu atangoja. Mwalimu, keti."

Piko ilikuwa imeisha. Akashusha boksi lenye picha ya mwanamke mwenye nywele rangi ya asali. "Hii ni brauni nyeusi, Mwalimu. Haipigi kelele kama piko." Maneno hayo ya kutopiga kelele yakaniingia. Akakamua tyubu kwenye kibakuli cha plastiki, akamimina kutoka kwenye chupa, akakoroga, akatazama, akamimina tena, akatazama, akaongeza, kama mtu anayewasongea ugali wageni wasiojulikana idadi. Niliyaona yote. Mimi, miaka 22 nikifundisha Hesabu, namwona mtu akichanganya bila kipimo, na nikanyamaza. Nilishafungwa kitambaa shingoni, na mtu aliyefungwa kitambaa shingoni hana hoja.

Kitu kimoja alikipima: muda. Alishika simu akaitazama kwa umakini ambao sikuwahi kuuona darasani, na ngozi ya kichwa iliponiwasha nikauliza kama bado, akasema, "Bado kidogo, Mwalimu. Nafuata maelezo."

Siku hizi naweza kukueleza kilichokuwa kikiendelea. Ile chupa ni haidrojeni peroksaidi. Kazi yake ni kuuharibu weusi wa asili ili rangi ya dukani ipate pa kukaa. Sasa unywele mweusi una rangi mbili ndani yake, weusi ulio mwingi na wekundu uliojificha nyuma, na peroksaidi inaanza kuumaliza weusi. Wekundu ni mbishi, hautoki upesi. Ndiyo maana Mwafrika akizidishiwa dawa hafiki Ulaya. Anaishia njiani, kwenye chungwa. Mvi kwa upande wake hazina cha kuondolewa, zinapokea tu zilichopewa. Eugène Schueller, mkemia Mfaransa aliyeanzisha L'Oréal mwaka 1909 kwa kuwauzia wenye saluni wa Paris rangi ya nywele, naamini alikuwa na mzani.

Aliponisuuza kwa birika nikatazama kioo. Kushoto, kwenye mvi, nilikuwa kahawia. Kulia nilikuwa barabara. Sisemi kwa mfano: ni rangi ile ile ya udongo wa Karatu, ule unaoshika soksi hadi zichakae nao. Kichwa kimoja, mikoa miwili.

Akasimama nyuma yangu na kioo kidogo. "Vipi, Mwalimu?"

Wapo wanaoweza. Binamu yangu ni mpishi kwenye lodge moja njia ya Ngorongoro. Anasema mgeni akikuta supu ina chumvi nyingi humwita, humwambia hivyo huku akicheka, kisha wanapiga picha pamoja. Sisi tumelelewa kusema "nimeshiba" mbele ya ugali mbichi. Nikameza mate nikasema, "Aisee. Umejitahidi."

Walimu wenzangu wanalijua neno hilo. Ndilo tunalomwandikia kwenye ripoti mtoto aliyekuwa wa 38 kati ya 40. Yeye akalipokea kama cheti. Nilipotia mkono mfukoni akaushika. "Acha, Mwalimu. Leo ni bure. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Ndipo nilipokwisha. Kazi mbaya uliyolipia unaweza kuisema. Kazi mbaya uliyopewa kwa heshima unakwenda nayo nyumbani.

Mama watoto alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Akainua macho. "Vumbi la leo limezidi. Umepanda lori?"

"Nimetoka saluni."

Hakusema neno. Akaokota punje moja nyekundu, akanyoosha mkono akailinganisha na kichwa changu, jicho moja amelifumba, kisha akaitupa kwenye rundo la mbovu.

Usiku sikulala vizuri. Rangi zisizoombwa si jambo geni kwetu: maji ya visima vya ukanda huu wa volkano yana floraidi, na wengi tumekua na meno ya kahawia tukadhani ndiyo rangi ya meno. Dkt. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali, hapa hapa wilayani Karatu, alibuni chujio la maji linaloondoa hata hiyo floraidi, akashinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mwenzangu aliona doa akalitafutia dawa. Mimi nilihitaji sentensi moja tu. Niliijaribu gizani: "Kijana wangu, kazi ni nzuri, ila..." Kila nikifika kwenye "ila", mama watoto anageuka upande wa pili, kitanda kinatikisika kwa kicheko.

Jumamosi asubuhi nikavaa kofia nikarudi. Akauliza habari za nyumbani, nikajibu. Za mvua. Za mahindi. Nilipovuta pumzi niseme, akanitolea simu: kisogo changu kwenye status, na maneno "Mwalimu wangu wa darasa la sita, mnaona alivyotokelezea, karibuni." Walioitazama ni 61, akiwemo mwalimu mkuu. Kwenye benchi walikaa vijana wawili.

"Nao wanataka kama ya Mwalimu," akasema.

Kichwa changu ningekisamehe. Lakini wale vijana, mmoja nilikuwa nimemfundisha mwaka juzi, nywele zake nyeusi tii, hana hata mvi ya kusingizia. Nikavua kofia. Nikaomba boksi. Maelezo yalikuwa kwa Kituruki na Kiingereza, ila tarakimu hazina kabila. Nikaweka kidole.

"Hapa pameandikwaje?"

"Moja, nukta mbili, moja, Mwalimu."

"Maana yake nini?"

Akatazama chini. Wale wa benchi nao wakatazama chini, kwa mazoea. "Si saa, Mwalimu? Nilijua inakaa kichwani saa moja na dakika moja."

Nikaelewa kwa nini niliwashwa vile. "Na dawa ya chupa uliweka kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Huo ni uwiano. Moja kwa moja. Tyubu moja, chupa kiasi hicho hicho."

Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akanitazama kichwa, kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto. "Kumbe hukuipenda, Mwalimu?"

"Sikuipenda."

Ikatoka yenyewe, bila "ila".

"Sasa si ungesema jana!"

"Jana ilikuwa bure."

Wale vijana wakakumbuka ghafla kuwa wana shughuli sokoni. Piko ilikuwa bado haijafika, na sendofu ni jioni ile. Hatukujadiliana sana, akawasha mashine. Nywele zikaanguka kwenye kitambaa za aina mbili, kahawia huku na chungwa kule, naye akazikung'uta nje ya mlango, pale chini pakazimeza zile za chungwa, hazikuonekana tena. Akanipaka afta, ikanichoma.

"Elfu mbili, Mwalimu," akasema. "Ile ya jana ndiyo ilikuwa bure."

Nikampa noti ya elfu tano, nikasimama nione chenji itarudi ngapi.