Mpemba na Mbuzi wa Galápagos

Wete, kisiwani Pemba, ilipopata habari kwamba chuo kikuu kimoja cha Marekani kinampandisha ndege kijana wao akasome visiwa, kicheko kilianzia barazani kikaishia sokoni. "Kisiwa kakiacha hapa, kakifuata wapi?" aliuliza ami yake, mvuvi wa siku nyingi, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu ili kila mtu asikie. Kijana akaeleza kwa adabu: ni Galápagos, visiwa vya Ekuador, katika bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 1,000 kutoka pwani ya Amerika Kusini. Ami alikuwa na swali moja tu la kitaalamu. Samaki wapo?

Samaki wapo. Ila kabla ya samaki kuna ukaguzi, na ukaguzi wenyewe si wa mchezo. Anayekwenda Galápagos hupekuliwa begi angali bara, kutafutwa mbegu, matunda mabichi, udongo na chochote kinachoweza kuota au kutaga. Hata nyayo za viatu huangaliwa. Kijana wa Wete alikuwa na kifurushi cha karafuu, zawadi ya mama kwa mwenyeji atakayempokea, kwa kuwa mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mkaguzi akakinusa, akakigeuza, akamwita mwenzake naye akakinusa. Kikabaki bara. Wapemba wanajua vizuri kusachiwa karafuu wakati wa kutoka kisiwani, maana magendo ya karafuu ni kesi. Huyu huenda ndiye wa kwanza kunyang'anywa karafuu wakati wa kuingia.

Mfuko nao ulikaguliwa kwa namna yake. Tangu Agosti 2024 kiingilio cha hifadhi kwa wageni wengi ni dola 200, mara mbili ya ilivyokuwa, na kwa vile Ekuador imekuwa ikitumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, hakuna nafasi ya kujidai umechanganyikiwa na hesabu za kubadilisha fedha. Hata raia wa Ekuador kutoka bara hahamii huko kwa matakwa yake: sheria maalumu ya mwaka 1998 iliweka masharti ya nani anaweza kuwa mkaazi. Hapo kijana hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mzanzibari anaijua thamani ya kitambulisho cha ukaazi.

Hesabu iliyomshangaza ami ni nyingine. Nchi kavu ya Galápagos ni kama kilomita za mraba 8,000, yaani mara nane ya Pemba, lakini wakaazi wake ni watu wapatao 30,000 tu, wakati Pemba ina zaidi ya nusu milioni. Asilimia 97 ya ardhi ni hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1959. "Kwa hiyo ni Pemba nane," ami alihitimisha, "watu wamehama, wamemwachia kobe ufunguo."

Wanafunzi walifikia Puerto Ayora, mji mkubwa kuliko yote visiwani humo, kila mmoja akakaribishwa na familia. Sheria waliyosomewa siku ya kwanza inasema binadamu akae umbali wa mita 2 kutoka kwa mnyama. Wanyama wenyewe hawajasomewa sheria hiyo. Simba-bahari hulala juu ya mabenchi ya bandarini na anayetaka kukaa hutafuta pengine. Kwenye soko dogo la samaki, pale ambapo Forodhani au Wete angekuwepo paka akizunguka miguu ya mpara samaki, husimama simba-bahari mzima mzima nyuma ya muuzaji, kidevu juu ya meza, akingoja utumbo. Mwari nao wamejipanga foleni, ingawa neno foleni hapa linawapendelea. Kijana alipiga video, akaituma nyumbani, na dada yake akajibu kwamba mwenye meza ile hajui kazi.

Kisha mwani. Pemba mwani ni jasho la akina mama: unapandwa kwenye kamba wakati wa maji kupwa, unavunwa, unaanikwa, unauzwa nje. Galápagos unaliwa na mijusi. Iguana wa baharini ndiye mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini. Hupiga mbizi, hukwangua mwani juu ya majabali, kisha hurudi kuota jua huku akipiga chafya za chumvi kupitia puani. Miaka ya El Niño maji yanapopata joto, mwani hupungua, na iguana hufanya jambo ambalo watafiti walilipima kwa miaka mingi kabla ya kulitangaza: hupungua urefu wa mwili, wakati mwingine kwa hadi asilimia 20, halafu hurefuka tena chakula kikirudi. Mama alisikiliza ujumbe huo wa sauti mpaka mwisho, akajibu: "Njaa ya kukonda naijua. Ya kufupika ndiyo naisikia kwako."

Yote hayo yalipita kwa amani. Kilicholeta mtafaruku ni mbuzi.

Mwaka 1959 wavuvi walishusha mbuzi watatu kwenye kisiwa cha Pinta, dume mmoja na majike wawili, ili siku wakipita wapate kitoweo. Ni busara ambayo mvuvi yeyote wa Kojani angeielewa. Lakini Pinta haikuwa na chui, wala mchinjaji, wala Idi ya kuwapunguza. Katika muda wa zaidi kidogo ya miaka 10 mbuzi wale watatu walikuwa ukoo wa makumi ya maelfu, na majani, vichaka na kivuli walivyotegemea kobe vikawa vimetafunwa. Visiwa vingine vilikuwa na mbuzi wa zamani zaidi na hali ikawa hiyo hiyo. Ndipo ukaja mradi ulioitwa Isabela, kuanzia mwaka 1997 hadi 2006, uliowaondoa mbuzi zaidi ya 140,000 kwenye kisiwa cha Santiago na upande wa kaskazini wa Isabela.

Kuwaondoa maana yake ni kuwapiga risasi, wengi wao kutoka kwenye helikopta. Walipobaki wachache waliojificha mapangoni, ikatumika hila ya mbuzi Yuda. Alikamatwa mbuzi, akafungwa uzazi, akavishwa shingoni kifaa cha redio, akaachiwa. Mbuzi hapendi upweke, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kuwatafuta wenzake, na wapigaji wakaifuata ile redio. Wenzake wakauawa, yeye akaachwa ili akatafute wengine. Walitumika mbuzi Yuda kwa mamia.

Kijana aliieleza habari hii nyumbani siku ya Ijumaa baada ya sala, wakati usiofaa kabisa, kwani pilau ilikuwa inapakuliwa.

"Laki moja na arobaini elfu," mama alirudia. "Na nani kala?"

"Hakuna, mama. Mizoga iliachwa palepale ili rutuba irudi ardhini."

Ukimya uliofuata ulitumia fedha nyingi za vocha. Shangazi mmoja alisikika akisema "Astaghfirullah" mbali na simu. Mwishowe ami akauliza kama waliopiga risasi walisoma bismillahi, akajibiwa kwamba hilo halikuwamo katika mpango wa mradi. "Basi ni nyamafu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeondolewa mzigo. "Hata wangetuletea hapa, wasingelika."

Ni haki kuongeza kwamba mradi ulifanya kazi. Mimea ya Santiago na Isabela ilianza kurudi bila kupandwa na mtu. Lakini hesabu hii ya kiikolojia haiuziki kirahisi pwani yetu, na mwandishi wa makala hii, aliyelelewa kwa supu ya mbuzi, hana nia ya kujifanya haoni ugumu wake.

Mapera nayo yamo kwenye orodha ya maadui. Mpera uliletwa na walowezi, ukapenda udongo wa milimani, ukasambaa. Wanaousambaza zaidi ni kobe wenyewe, wanaolindwa kwa mamilioni ya dola: hula mapera kwa raha zao, hutembea polepole, na kuziacha mbegu mbele ya safari pamoja na mbolea yake. Mti wa kwinini una kisa kibaya zaidi. Uliingizwa kisiwa cha Santa Cruz miaka ya 1940, ukapanda milimani na kuifunika mimea ya asili. Wanafunzi walipelekwa kutazama jinsi unavyong'olewa na kutiwa dawa ya kuua. Kijana alisita. Kwao bibi yake bado huitaja kwinini kwa heshima ya mganga aliyemtoa mtoto kwenye homa, na hapa walikuwa wanaichimba kama magugu.

Kobe wenyewe ni habari ndefu. Mwongozaji alipotangaza kwa madaha kwamba wageni sasa wataona kobe mkubwa, Wamarekani walishika vinywa. Mpemba alisema kwa upole kwamba kwao wapo: wanakaa Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, uzao wa zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919. Mwongozaji hakufurahi, ila ilimbidi akubali, maana makobe wakubwa wa aina hii wamebaki kwa asili sehemu mbili tu duniani, Galápagos na kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli. Kijana hakutaja kwamba wale wa Changuu waliwahi kuibwa mpaka mwaka 1996 wakabaki 7. Si kila kitu cha nyumbani husemwa ugenini.

Katika kituo cha utafiti cha Puerto Ayora amehifadhiwa George Mpweke, kobe wa mwisho wa Pinta, kile kisiwa cha mbuzi watatu. Alionekana mwaka 1971 wakati ikidhaniwa kizazi chake kimekwisha. Ilitangazwa zawadi ya dola 10,000 kwa atakayemtafutia jike wa ukoo wake; hakupatikana. Akawekewa majike wa visiwa jirani, mayai yakatagwa, hayakuangua. Alikufa tarehe 24 Juni 2012, na sasa anasimama nyuma ya kioo, shingo juu. Mama, ambaye kijana wake ana umri wa kuoa na bado hajaoa, aliomba atumiwe picha ya kobe huyo. Akairudisha kwa mwanawe bila maelezo.

Kinyume chake ni Diego wa kisiwa cha Española. Kobe wa huko walikuwa wamebaki 14, madume wawili na majike 12, hadi Diego alipoletwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego katikati ya miaka ya 1970. Akafanya kazi. Kizazi kilivuka 2,000, na Juni 2020 Diego alirudishwa kwao akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, magazeti ya dunia yakimsifu kwa ubaba wake. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba watoto wa Diego ni kama asilimia 40. Wengi wa waliobaki ni wa dume mwingine, mkimya, asiyepigiwa kelele na mtu, ambaye hata jina hakupewa: anaitwa E5. Barazani Wete E5 ndiye aliyepata mashabiki wengi zaidi.

Chakula hakikumsumbua kijana. Asubuhi kuna bolón, tonge la ndizi mbichi zilizopondwa pamoja na jibini. Jioni kuna encocado, samaki katika tui la nazi, ambaye Mpemba alimla akamaliza kisha akashauri pilipili iongezwe. Mwenye nyumba, mvuvi mstaafu, alimsimulia kwa Kihispania na kwa mikono habari za majongoo ya bahari: jinsi wanunuzi wa Asia walivyokuja miaka ya 1990, jinsi serikali ilivyofunga uvuvi huo, na jinsi mwaka 1995 wavuvi wenye hasira walivyokizingira kituo cha utafiti na kutishia maisha ya makobe. Kijana aliyaelewa hata yale ambayo Kihispania chake hakikuyafikia. Majongoo hayo huokotwa Pemba pia na huishia kwenye masufuria yale yale ya Asia. Ami aliposikia, aliuliza bei ya kilo.

Mwishoni kila mwanafunzi alitakiwa aeleze kisiwa anachokijua. Mpemba alieleza kwamba Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na ndiyo maana ina ndege wanne wasiopatikana kwingineko na popo wake mwenyewe, mwenye mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu, ambaye aliwindwa karibu kuisha hadi vijiji kama Kidike vikaamua kumlinda. Darasa lilisisimka. Mmoja akauliza kumwona ni dola ngapi. Kijana akajibu kwamba kwao popo huonekana bure, kila magharibi, wakielekea kwenye maembe ya watu.

Kituo cha mwisho kilikuwa kisiwa cha Floreana. Ufukweni pana pipa la mbao, posta iliyoanzishwa na wavuvi wa nyangumi mwishoni mwa karne ya 18 na inayofanya kazi mpaka leo. Unatia kadi bila stempu; unachambua zilizomo; ukiona ya mtu wa kwenu unaibeba ukampe mkononi. Wenzake walilishangaa. Yeye ameishi maisha yake yote katika posta ya namna hiyo, ya mfuko wa rambo, botini, "mpe fulani wa pale Mkunazini". Alichambua kadi za Ujerumani, Kanada na Australia. Ya Pemba haikuwamo, akatia yake.

Kwa hiyo msomaji utakayefika Floreana, na ambaye safari yako ya kurudi inapita Pemba, unaombwa uangalie ndani ya pipa. Kadi ina picha ya kobe E5, au kobe anayefanana naye. Inakwenda Wete, bandarini, kwa mama. Stempu haina, lakini chai na mkate wa kumimina vipo.